Maji ya Ganga kwa Ba: jibu kwa msomaji anayekwenda Varanasi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Tanga. Nipo Delhi na kaka yangu, tumemleta baba kwa upasuaji. Anaendelea vizuri, na katikati ya Novemba nitapata siku tatu za kuvuta pumzi wakati kaka akibaki naye. Jirani yetu mmoja mzee, bibi wa Kihindi tunayemwita Ba, aliyetulea tangu tukiwa wadogo, amenipigia simu akaniomba nimletee maji ya mto Ganga kutoka Kashi. Yeye hajawahi kufika, na sasa miguu imegoma. Mimi ni Mwislamu. Je, naruhusiwa kwenda? Nitakuta nini huko, na adabu zake ni zipi? Mambo ya Kibaniani siyajui kabisa. Na hayo maji nayabebaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mungu amzidishie baba afya. Unaruhusiwa kwenda, na nitakueleza kwa kirefu. Nilisoma Banaras miaka kadhaa na tangu hapo nimewapeleka wageni wengi, kwa hiyo nakuandikia kama ninavyomwambia mtu ninayeshuka naye kwenye treni.

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyokutuma, na hapo pana jambo ambalo hata Wahindu wengine waliozaliwa kwetu hawalijui. Kashi, Banaras na Varanasi ni mji mmoja wenye majina matatu, na wenyeji wake wengi wana mwiko: maji ya Ganga hayachotwi Kashi yakapelekwa nyumbani. Kwenye miji mingine ya mto huo, Haridwar yanachotwa, Prayagraj yanachotwa, Gangotri kule milimani ndiyo kabisa. Kashi hapana. Sababu yake imefungwa na imani yenyewe ya mji. Wahindu wanaamini kwamba anayefia Kashi anapata moksha, yaani anatoka katika mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya, hazaliwi tena. Na hilo si kwa binadamu peke yake, hata mdudu mdogo aliyemo majini. Ukichota maji ukaondoka nayo, huenda ndani yake mna kiumbe aliyekuwa amefika mlangoni, nawe umemrudisha njiani. Zaidi ya hayo, majivu ya waliochomwa yamemwagwa humo humo.

Utawakuta watu wanauza vidumu vya plastiki ukingoni na mahujaji wanajaza, kwa hiyo usidhani kila mtu anaushika mwiko huo. Lakini mzee wa miaka ya Ba huenda anaujua, au ataambiwa na mwenzake hekaluni ukishamletea. Mpigie simu kwanza. Muulize kwa upole: "Ba, unataka maji ya Ganga tu, au lazima yawe ya Kashi?" Wazee wengi wakisema Kashi wanamaanisha Ganga, kwa kuwa Kashi ndiyo waliyoisikia tangu utotoni. Akisema ya Ganga tu, mambo ni mepesi: tangu 2016 Posta ya India inauza chupa za maji ya Ganga zilizofungwa, yaliyotoka Gangotri karibu na chanzo cha mto. Ulizia posta kubwa hapo Delhi. Ni maji ambayo hakuna atakayekuwa na neno nayo.

Halafu ukiwa Kashi nenda soko la Thatheri, mtaa wa mafundi wa shaba, ununue kichupa au kijagi cha shaba nyekundu wanachokiita lota. Kiwe kidogo, cha kutosha kiganjani. Maji ya Gangotri ndani ya lota ya Kashi ni zawadi ambayo Ba ataiweka kwenye kimadhabahu chake cha nyumbani na hataigusa ovyo. Maji hayo hutumika kwa matone: kunyunyiza nyumba, kubariki harusi, na tone moja mdomoni mwa mtu anayekata roho pamoja na jani la mtulasi, ndugu wa mrehani wetu. Wewe ni mtu mzima, bila shaka umeelewa kwa nini bibi mwenye miguu iliyogoma anayataka maji haya sasa. Kwenye ndege chupa iende kwenye mzigo mkubwa, mfuniko uzungushiwe gundi ya karatasi, kisha mfuko wa nailoni, kisha kanga. Usiyaweke kwenye begi la mkononi, watakunyang'anya uwanjani.

Umeandika "mambo ya Kibaniani". Sikulaumu, ndivyo tunavyosema pwani. Neno hilo limetokana na Kigujarati, vaniya, yaani watu wa ukoo wa biashara, nasi tukalipachika kwa kila Mhindu aliyekuja na duka. Kule usilitumie. Na tofautisha Mhindi na Mhindu: Mhindi ni mtu wa India, awe wa dini yoyote, na Mhindu ni mtu wa dini hiyo. Utakutana na Wahindi wengi sana wanaofunga Ramadhani kama wewe.

Safari yenyewe si ngumu. Ipo treni ya mwendo kasi, Vande Bharat, inayotoka New Delhi saa kumi na mbili asubuhi na kufika Varanasi saa nane mchana. Njia hiyo ndiyo ya kwanza nchini kupewa treni za aina hiyo, mwaka 2019. Kata tiketi mapema. Chagua hoteli inayopokea wageni wa nje, kwani nyumba ndogo nyingi hazipokei: kila mgeni lazima aandikishwe serikalini kwa pasipoti na viza, na wenye nyumba hizo hawana utaratibu huo. Kutoka stesheni chukua bajaji hadi njia panda ya Godaulia. Hapo inabidi ushuke utembee, vichochoro vinavyoelekea mtoni ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, tena ndani yake mna ng'ombe, pikipiki na maiti inayopita. Ukisikia kundi la wanaume wakiimba kwa haraka "Ram naam satya hai", jina la mungu Ram ndilo kweli, egemea ukuta uwapishe. Wamebeba jeneza la mianzi.

Kitu kimoja uangalie kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi. Siku ya kumi na tano baada ya Diwali, mwezi ukiwa mpevu, mji mzima huwashwa taa za udongo kwenye ngazi zote za mto. Wanaiita Dev Deepavali. Ni uzuri usioelezeka, ila watu wanajaa hadi hakuna pa kuweka mguu na vyumba vinapanda bei mara nyingi. Kwa mtu aliyetoka kuuguza, anayetaka utulivu, ningeikwepa kwa siku mbili tatu.

Sasa mto. Mji umejengwa upande mmoja tu, magharibi. Ng'ambo ni mchanga mtupu. Ganga hapa umekunja kona, unatiririka kuelekea kaskazini, yaani unarudi upande wa milima ulikotoka, na Wahindu wanaliona hilo kuwa dalili. Kwa hiyo asubuhi jua linachomoza juu ya mchanga na kuupiga mji usoni. Ngazi za mawe zinazoshuka majini zinaitwa ghati, na ziko zaidi ya themanini, moja ikishikana na nyingine kwa kilomita kadhaa.

Amka gizani. Shuka Assi, ghati ya kusini, ukodi mtumbwi wa kasia, na mkubaliane bei kabla ya kuingia, museme wazi ni kwa mtumbwi au kwa kichwa, na kwa saa ngapi. Novemba kuna ubaridi, jifunge mtandio. Utamwona mama mnene wa makamo anashuka na sari yake mwilini, hatua kwa hatua, maji yakimfika kiunoni. Anaziba pua, anazama mara tatu. Anateka maji kwa viganja viwili, anayainua kuelekea jua na kuyaachia yamwagike polepole kati ya vidole, midomo ikicheza. Pembeni yake mtu anapiga mswaki. Mwingine anafua mashuka kwa kuyapiga juu ya jiwe. Hakuna anayeona ajabu, kwao mto huo ni mama, ndivyo wanavyouita, Mama Ganga, na kwa mama unakwenda na ibada zako na uchafu wako.

Simulizi yao ni kwamba mto ulikuwa mbinguni. Mfalme mmoja alikuwa na wana elfu sitini walioteketea wakawa majivu kwa laana, na roho zao hazikupata pa kwenda. Mzao wake, Bhagiratha, akaomba miaka na miaka hadi Ganga akakubali kushuka ayaoshe majivu hayo. Ili nguvu yake isiipasue dunia, mungu wao Shiva alimpokea kwanza kwenye nywele zake. Ukiijua hadithi hii utafahamu kwa nini mtu anasafiri kutoka London au Nairobi na kopo la majivu ya baba yake.

Maji hayo usinywe, na kama una kidonda usiyaguse. Ni machafu, miji na viwanda vingi vimemwaga taka humo kabla hayajafika hapo, na serikali imekuwa ikihangaika nayo miaka mingi. Mwumini anayeyanywa anajua anachokiamini. Wewe hulazimiki.

Mtumbwi utapita ghati mbili za kuchomea maiti, Harishchandra kisha Manikarnika. Hapa nakuomba sana unisikilize. Manikarnika haizimiki usiku wala mchana. Wanaotunza moto ni watu wa jamii ya Dom, ambao kwa karne nyingi walitengwa kuwa watu wa chini kabisa, na bado hakuna maiti inayochomwa bila moto kutoka kwao. Magogo yamerundikwa kama nyumba za ghorofa na yanapimwa kwa mizani mikubwa, kwa hiyo hata kufa kuna bei. Maiti imefungwa sanda, imefunikwa kitambaa cha kumetameta, imewekewa maua ya rangi ya chungwa. Kwanza inatumbukizwa mtoni. Kisha mfiwa mkuu, mara nyingi mtoto wa kiume wa kwanza, amenyolewa kichwa na kuvaa nguo nyeupe isiyoshonwa, analizunguka rundo la kuni mara tano na kuliwasha. Samli na unga wa msandali vinatiwa motoni. Baada ya muda wa saa tatu hivi, yule yule mfiwa anateka maji kwenye chungu, anayarusha nyuma kwa kupitisha begani, na anaondoka bila kugeuka. Asigeuke. Nimeiona mara nyingi na bado kila mara nasimama kimya.

Usipige picha. Hata kwa mbali, hata kwa siri. Huo ni msiba wa watu. Wanawake wa kienyeji kwa desturi hawaji hapo, wanaogopa kilio kisiizuie roho, kwa hiyo wewe tazama kutoka mtumbwini na usishuke. Atakayekujia na kusema yeye ni wa nyumba ya wazee wanaosubiri kufa, akuombe mchango wa kuni za maskini, mpite. Nyumba hizo kweli zipo, familia huleta mgonjwa wao wa mwisho akae siku chache afie Kashi, lakini waendeshaji wake hawazururi ghatini wakiomba watalii. Kama jambo hili la kuchoma linakutia hofu, kumbuka kwamba hata kwetu lipo: Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, 2011, kwa wosia wake mwenyewe.

Mahekalu. Kubwa ni la Vishwanath, la Shiva, moja ya mahekalu kumi na mawili ya Shiva wa nuru yanayohesabiwa India nzima. Jengo la sasa lilijengwa 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, na dhahabu ya mapaa yake ilitolewa na Ranjit Singh, mtawala wa Punjab. Ubavuni kabisa upo msikiti wa Gyanvapi. Hekalu la kabla lilibomolewa 1669 kwa amri ya Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal, na hadi leo shauri la mahali hapo liko mahakamani. Utakuta polisi wengi na vizuizi. Hutakiwi kuwa na maoni kwenye foleni. Simu, kamera na vitu vya ngozi haviingii, vinawekwa kwenye makabati, na mgeni wa nje anaulizwa pasipoti. Wenye neno la mwisho ni walinzi wa lango. Wakikuzuia, geuka kwa heshima. Kwa kweli mimi ningekushauri uende hekalu jingine la Vishwanath, lile jipya jeupe lililo ndani ya chuo kikuu cha Banaras Hindu, kilichoanzishwa 1916. Linapokea watu wa dini zote kwa moyo mmoja, lina uwanja na kivuli, na maandiko yamechongwa ukutani.

Adabu za hekaluni zinafanana na za kwetu kuliko unavyofikiri. Viatu nje, kwa hiyo vaa ndara au viatu vya kuchomoa. Mabega na magoti yafunikwe, na hijabu yako haina tatizo. Unazunguka ukiwa umeliacha hekalu mkono wako wa kulia. Kupokea ni kwa mkono wa kulia. Watakachokupa, peremende au kipande cha nazi, kinaitwa prasadi: kimetolewa mbele ya mungu wao, na kilichobaki wanagawana. Hapo ndipo imani yako inaingia, na mimi si shehe. Wapo Waislamu wanaopokea kwa heshima na kumpa mtoto wa nje, wapo wanaounganisha viganja kifuani na kutikisa kichwa. Yote mawili yanaeleweka, hakuna atakayekukasirikia. Kutazama si kuabudu. Kupakwa alama ya liwa kwenye paji la uso unaweza kukataa. Kule ghatini kuna mtu atakayekushika mkono ghafla kama anakusalimia, aanze dua, akuulize majina ya wazazi wako, mwisho adai rupia kwa kila jina. Mikono yako ibaki ndani ya mtandio.

Usinywe kinywaji cha maziwa chenye rangi ya kijani kwa kuvutiwa na harufu ya iliki. Mara nyingi kina bhangi, ambayo huko huuzwa kihalali na ina nafasi yake katika ibada za Shiva. Chakula cha asubuhi tafuta kachori za moto na mchuzi wa viazi. Karibu na mahekalu nyama hupati. Kwa nyama halali nenda mitaa ya wafumaji kama Madanpura.

Na Madanpura uende hata kama huna njaa. Hariri ya Banaras, zile sari za nyuzi za dhahabu ambazo bibi harusi wa Kihindu anazililia, kwa sehemu kubwa zinafumwa na Waislamu. Pita kichochoroni utasikia vitanda vya mfumi vikigonga nyuma ya milango. Mji huu ndio uliomlea Kabir katika karne ya 15, mshairi aliyekulia kwa wafumaji Waislamu na kuzikemea dini zote mbili kwa mapenzi. Alipozeeka akauhama mji kwa makusudi akafie Maghar, mahali ambapo watu walisema anayefia huko anazaliwa tena punda. Alitaka ijulikane kwamba wokovu hautolewi na ardhi. Leo Maghar kuna kaburi lake la Kiislamu na kumbukumbu yake ya Kihindu, bega kwa bega. Na Ustad Bismillah Khan, mpiga zumari mkuu kuliko wote India iliyowahi kuwa nao, Mwislamu wa swala tano, alifanya mazoezi kwa miaka mingi katika hekalu dogo la Balaji juu ya mto. Alipata nishani ya juu kabisa ya nchi 2001, akafariki 2006, na hakukubali kuhama Banaras hata alipoalikwa ughaibuni. Kwa hiyo ukijiuliza kama mtu wa dini yako ana nafasi mji ule, jibu limeshapigwa kwa zumari.

Siku ya pili mchana, kama miguu inakubali, nenda Sarnath, kilomita kumi hivi. Hapo ndipo Buddha alipotoa hotuba yake ya kwanza. Kuna majani, kimya, na jumba la makumbusho lenye wale simba wa mfalme Ashoka unaowaona kwenye noti za rupia.

Jioni rudi mapema Dashashwamedh, ghati kuu, ukakae ngazini kabla watu hawajajaa, au mtumbwini mbele yake. Kila jioni, jua likishazama, hufanyika arati, ibada ya taa kwa mto. Novemba huanza saa kumi na mbili hivi na huchukua kama dakika arobaini na tano. Vijana waliovaa hariri wanapanda kila mmoja kwenye jukwaa lake, wanapuliza kombe la bahari kama baragumu. Kengele zinaanza na hazikomi. Udi kwanza, moshi mzito. Halafu taa za ngazi ngazi zenye ndimi nyingi za samli, wanazizungusha kwa pamoja juu, chini, kushoto, kulia, wote wakigeukia giza la mto. Kisha kafuri, ambayo wewe na mimi tunaijua kwa kazi nyingine. Watu wanaachia vikombe vya majani vyenye ua na utambi, vinaelea kuelekea kusikojulikana.

Wahindu wana neno, darshani. Ni kuona, lakini ni kuona na kuonwa: mwenye kuhiji anautazama mto, na mto unamtazama yeye. Ndiyo maana mtu anasafiri siku tatu kwa treni kwa ajili ya dakika moja mbele ya sanamu. Ba hajaipata darshani hiyo.

Kwa hiyo nunua laini ya simu Delhi, ujaze bando, na umwambie mjukuu wake yeyote akae naye. Saa kumi na mbili jioni ya Banaras ni saa tisa na nusu alasiri ya Tanga. Piga kwa video taa zikianza, geuza kamera kwenye mto, inua mkono juu ya vichwa vya watu. Usimweleze kitu. Mwache asikie kengele.